Siku 14 Zikiisha: Nasaha kwa Vijana wa Sirisia Walio Kazini

Wajukuu wangu mlioajiriwa Bungoma, Kitale na kwingineko, mnapokuja nyumbani Sirisia Desemba mnaniita kuka, yaani babu, na kunipa kiti cha kivulini, nami nashukuru. Lakini jina hilo lina wajibu wake: babu akiona shimo njiani akanyamaza, hastahili kuitwa babu. Shimo ninaloliona ni hili. Wengi wenu mnafanya kazi kwa bidii, mnakatwa fedha kila mwisho wa mwezi, lakini hamjui kitakachotokea siku mtakapougua, mwajiri akalipa siku chache kisha akafunga mkono.

Tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, niliwatumikia wafanyakazi wenzangu kama mwakilishi wa chama. Kesi nyingi zilizoniumiza moyo hazikuwa za wizi wala za ugomvi na nyapara. Zilikuwa za ugonjwa. Mtu mwenye afya akidhulumiwa atapaza sauti, atatembea hadi ofisi ya leba, atarudi kesho na keshokutwa. Mgonjwa hana nguvu hizo. Ndiyo sababu nawaambia haya sasa, mkiwa wazima.

Neno langu kubwa ni moja. Hapa Kenya hakuna mfuko mmoja unaoanza kumlipa mgonjwa pale mwajiri anapokoma. Haki zipo, na nyingine ni kubwa kuliko mnavyodhani, lakini zimetawanyika. Kila moja ina mlango wake, karatasi yake na muda wake wa mwisho. Anayeijua milango hiyo mapema huifikia. Anayengoja kuambiwa huikuta imefungwa.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema kwamba mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12 ya kazi. Hizo ni siku 14. Fanyeni hesabu. Anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi hupata 500 kwa siku. Siku 7 za kwanza ni shilingi 3,500, na 7 za pili ni 1,750. Jumla ni 5,250, na baada ya hapo sheria haimlazimishi mwajiri kumlipa zaidi kwa sababu ya ugonjwa huo.

Sasa linganisheni na maradhi yenyewe. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, lakini dawa za bure hazilipi kodi ya nyumba Kitale wala karo ya mtoto. Mguu uliovunjika vibaya huweza kumweka mtu nyumbani msimu mzima, tangu palizi hadi mavuno. Kati ya siku 14 na miezi 6 kuna njaa, kuna deni, na kuna mke au mume anayeuza kuku mmoja baada ya mwingine.

Siku hizo 14 ni kiwango cha chini kabisa. Sheria inasema zisipungue, haikusema zisizidi. Mikataba iliyotiwa sahihi na vyama vya wafanyakazi mara nyingi hutoa siku nyingi zaidi, na maagizo ya mishahara ya sekta mbalimbali yana masharti yake. Walimu walio chini ya tume yao, TSC, na watumishi wa umma wana kanuni zao za likizo ya ugonjwa, nazo huhesabiwa kwa miezi. Basi usikubali kuambiwa "sheria ni siku 14" kabla hujausoma mkataba wako na ule wa chama. Kama huna nakala, iombe leo. Kuuliza si ujinga, na mkataba si siri ya meneja.

Nanyi vibarua wa mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia msidhani mmesahaulika. Mtu anayelipwa kwa siku, akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, sheria hiyohiyo katika kifungu cha 37 humhesabu kama mfanyakazi wa mwezi. Akiendelea miezi miwili au zaidi tangu alipoanza kazi ya kibarua, anaingia katika haki ambazo wenzake wa kudumu wanazo, likizo ya ugonjwa ikiwemo. Waajiri wengi hawalisemi hili. Ndiyo maana ni muhimu uandike mwenyewe tarehe uliyoanza na siku ulizofanya kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho lako ni mali.

Jambo la kwanza ninalowausia: ukiugua, toa habari. Sheria inakutaka umjulishe mwajiri, au umtume mtu amjulishe, mapema iwezekanavyo, na utoe sababu. Wengi hupotea hapa. Nilimfahamu kijana aliyefanya kazi katika kinu kimoja, jina sitalitaja. Alianza kukohoa damu, akaogopa kusema, akapanda matatu usiku akaja kwa mama yake huku Sirisia. Simu ikaisha chaji, naye akajilaza. Aliporudi baada ya wiki tatu na karatasi ya hospitali mkononi, alikuta barua ya kufutwa kwa kutoroka kazi. Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli na karatasi yake ilikuwa halali, lakini kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa kubwa kisheria, na kwa wiki tatu mwajiri hakuwa na sababu yoyote mezani mwake. Ilituchukua miezi mingi kuipigania kesi ambayo ujumbe mmoja wa simu ungeizuia.

Kwa hiyo tuma ujumbe wa maandishi, uuhifadhi. Ukipiga simu, fuatisha ujumbe: "Leo tarehe fulani nimekujulisha kwamba ninaumwa na ninaenda hospitali." Kama huwezi, mtume kaka, shangazi au jirani. Msiogope kwamba mtadharauliwa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Jambo la pili: pata cheti. Siku zile 14 hulipwa kwa aliye na cheti cha kutoweza kufanya kazi kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au na mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Huhitaji kusafiri hadi Eldoret kukitafuta. Ukitibiwa katika hospitali ya Sirisia, Bungoma au Wamalwa Kijana kule Kitale, usitoke na dawa peke yake. Omba cheti kinachotaja tarehe ya kuanza na ya kuisha. Zikiisha kabla hujapona, rudi upate kingine. Usiache siku hata moja wazi katikati. Piga picha kila karatasi, umtumie pia mtu unayemwamini nyumbani.

Hapa nasema na wale wanaoogopa kutaja ugonjwa wao. Sheria ya Ajira inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu au hali yake ya virusi vya UKIMWI. Mwajiri anahitaji kujua kwamba huwezi kufanya kazi na kwa muda gani. Hakuna anayeweza kukulazimisha usimulie historia ya mwili wako mbele ya ofisi nzima.

Jambo la tatu: siku za ugonjwa zikiisha, hesabu ulichobakisha. Kila mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 ana likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Kama hukuichukua, andika barua uombe uitumie wakati huo wa ugonjwa. Ikiisha nayo, omba likizo bila malipo, kwa maandishi, ukionyesha tarehe ambayo daktari anatarajia utarudi. Likizo bila malipo haileti unga nyumbani, lakini huilinda nafasi yako. Mwajiri anaweza kukataa. Hata hivyo barua yako itabaki kuwa ushahidi kwamba hukutoroka.

Jambo la nne ndilo linalopotezea watu fedha nyingi kuliko yote. Jiulize: ugonjwa huu, au jeraha hili, limetoka wapi? Kama limetoka kazini, uko chini ya sheria nyingine kabisa, Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ile ambayo wafanyakazi huiita WIBA. Hapo hesabu ya siku 14 haikuhusu. Aliyeumia kazini akashindwa kufanya kazi kwa muda anastahili malipo yanayolingana na mapato yake mpaka atakapopona, kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Mashine ikikukata kiwandani, ukianguka kutoka juu ya lori la miwa, ukipata moja ya magonjwa ya kazi yaliyotajwa katika sheria hiyo, mlango wako ni huo.

Na kama jeraha limekuachia kilema cha kudumu, daktari hukadiria kiwango chake kwa asilimia. Kilema cha asilimia 100 hulipwa mapato ya miezi 96. Kwa yule wa shilingi 15,000, miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Akikadiriwa asilimia 10, fidia yake ni shilingi 144,000. Nimeona vijana wakipewa shilingi 5,000 za "pole" na kutia kidole kwenye karatasi wasiyoisoma. Heri ukae bila pole kuliko kuuza haki yako kwa bei ya viatu.

Utaratibu wake ni huu. Mjulishe mwajiri ajali ikitokea, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora. Hakikisha imeingia katika kitabu cha ajali, na ukumbuke majina ya walioshuhudia. Mwajiri anatakiwa kumpelekea taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7 tangu ajulishwe, na kwa ajali ya kifo katika saa 24. Usimwachie yeye peke yake. Fika mwenyewe, au mtu wako, katika ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti uulize kama taarifa imefika. Dai lenyewe linapaswa kuwasilishwa katika miezi 12 tangu ajali. Likishapelekwa kwa mwajiri au kampuni yake ya bima, linapaswa kulipwa katika siku 90. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga kwa maandishi.

Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea ndipo ulipwe. Inatosha kwamba uliumia ukiwa katika kazi yake. Na msikimbilie kortini kwanza: Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba sheria hii ni halali, na madai ya fidia huanzia kwa Mkurugenzi. Anayekuambia umlipe kwanza afungue kesi moja kwa moja mahakamani, muulize maswali mengi kabla ya kufungua mkoba.

Jambo la tano ni NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kila mwezi mnakatwa asilimia 6, na mwajiri huongeza asilimia 6 nyingine, hadi kiwango kilichowekwa. Wengi mnaamini kwamba mkiugua, NSSF itaanza kuwalipa. Hapana. Mfuko huo uliundwa mwaka 1965, na hata sheria mpya ya 2013, iliyoanza kutekelezwa 2023 baada ya kesi ndefu mahakamani, haikuweka malipo ya ugonjwa wa muda. Iliyonayo ni malipo ya ulemavu: kwa mwanachama ambaye mwili au akili yake imedhurika kwa namna ya kudumu hata hawezi tena kujipatia kipato cha kawaida. Hilo huthibitishwa na madaktari, na chini ya sheria hiyo mpya ni lazima uwe umechangia angalau miezi 36.

Mnaona basi ubaya wa mwajiri anayekukata fedha asizipeleke. Siku ya kuhesabiwa miezi yako, ile asiyoipeleka haitaonekana. Msingoje kuugua ndipo mwombe taarifa ya akaunti. Ipateni kwenye simu zenu au katika ofisi ya NSSF, muilinganishe na hati zenu za mshahara mwezi kwa mwezi. Palipo na pengo, andika barua kwa mwajiri ukiwa bado kazini, wenzako wakikuunga mkono. Na kama kampuni yenu ina mfuko wake wa pensheni, someni kanuni zake: mingi huruhusu mtu kustaafu mapema kwa sababu ya afya.

Jambo la sita ni gharama za hospitali. Tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Sikilizeni kwa makini: SHA huilipa hospitali, haikulipi wewe mshahara. Na mshahara ukikoma, makato nayo hukoma. Mgonjwa aliye katika likizo bila malipo anaweza kujikuta amelala wodini bila bima, wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote. Wiki ile mshahara unapokoma, pigeni *147# au fikeni Huduma Centre ya Bungoma au Kitale, mjue hali ya akaunti na namna ya kuilipia wenyewe. Katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya chini, aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo, hivyo msiache kujisajili hata kama mfuko ni mtupu.

Jambo la saba ni kufutwa kazi. Ugonjwa mrefu unaweza kweli kuwa sababu halali ya mwajiri kusitisha ajira, kama mwili umeshindwa kazi. Lakini hawezi kukufuta kwa barua ya ghafla. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka akueleze sababu hiyo kwa lugha unayoielewa, na akusikilize wewe pamoja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama utakayemchagua. Bila hatua hiyo, kufutwa huko kuna kasoro, na mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia inayofikia mshahara wa miezi 12. Kuchukua likizo unayostahili si sababu halali ya kumfuta mtu.

Katika hali hiyo, mjukuu wangu, usitie sahihi barua ya kujiuzulu ukiwa kitandani. Watakuja na maneno matamu: tia sahihi hapa, tukumalizie upesi, tutakuita ukipona. Ukijiuzulu kwa hiari yako, umeuvunja mkono wako mwenyewe, kwa kuwa hutadai kwamba ulifutwa isivyo haki. Sema hivi tu: "Niachieni nakala niisome na watu wangu." Kisha mpigie mwakilishi wako. Malalamiko ya kufutwa hupelekwa kwa afisa wa leba katika miezi 3, na kesi ya ajira hufunguliwa katika miaka 3. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Bungoma. Siku hizi si lazima kwenda Kisumu au Nairobi kutafuta haki.

Sasa niwaambie wanaofanya kazi nje ya mipaka yetu, kwa maana watoto wa Sirisia wamesambaa. Sisi tulio karibu na Lwakhakha tuna jamaa wanaovuka kila siku kwenda Uganda kutafuta riziki. Huko sheria ya ajira ya 2006 humpa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, na ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kusitisha mkataba. Tanzania, sheria ya 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Tazameni tofauti hiyo. Majirani zetu wana jua lilelile na mvua ileile, lakini sheria ya Tanzania humbeba mgonjwa kwa miezi pale yetu inapombeba kwa siku.

Na ninyi mliokwenda Uingereza kuwa wauguzi na walezi wa wazee, ambako Kenya ilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya mwaka 2021, huko mambo ni tofauti tena. Mwajiri hulipa malipo ya ugonjwa ya kisheria hadi wiki 28. Yakikaribia kuisha, anapaswa kukupa fomu iitwayo SSP1, nawe huitumia kuomba ruzuku ya serikali iitwayo New Style ESA. Ruzuku hiyo hutegemea michango yako ya bima ya taifa ya miaka miwili mitatu iliyopita, wala haihesabiwi kuwa miongoni mwa zile fedha za umma ambazo viza zenu huwakataza kuzigusa. Najua mnaogopa, mnadhani kuomba kutawaharibia viza, mnaumwa kimya chumbani na bado mnatuma fedha nyumbani. Ulizeni chama chenu cha wafanyakazi kabla ya kujinyima mlichokwisha kukilipia.

Nirudi nyumbani, kwa wale wasio na mwajiri: mwendesha bodaboda, mama wa nyanya pale Chwele, fundi, mkulima wa kahawa au tumbaku upande wa Malakisi. Ninyi hamna hata zile siku 14. Siku mnayougua ndiyo siku kipato kinapokoma. Nawaomba muwe na vitu vitatu: SHA iliyolipiwa, akiba ya hiari ya NSSF au Sacco, na chama cha kusaidiana chenye kanuni ya ugonjwa iliyoandikwa. Vyama vyetu vingi vina kanuni ya mazishi. Mtu akifa, kila mmoja hutoa kiasi fulani bila kuulizwa, hema hukodishwa, ng'ombe huchinjwa. Lakini alipokuwa hai, amelala miezi mitatu bila dawa, hakuna aliyetoa hata mia. Andikeni katika katiba ya chama kwamba mwanachama aliyelazwa, au mwenye cheti cha kutofanya kazi kwa zaidi ya wiki mbili, atapokea kiasi fulani kila wiki. Fedha za kumponya mtu zitangulie fedha za kumzika.

Kwa aliyebaki na ulemavu mkubwa, ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na familia iulize kwa chifu kuhusu Inua Jamii, mpango unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa wanaokubaliwa. Ni kidogo, lakini si haramu kukidai. Wengine hukaa miaka bila kuomba kwa sababu ya haya.

Neno moja kwa jamaa. Mgonjwa akirudi nyumbani bila mshahara, msimhesabie sahani. Mwanaume aliyezoea kuleta unga, akikaa miezi bila kuuleta, huumwa mara mbili. Mwanamke aliyelisha nduguze kwa mshahara wa duka, akiugua, asisikie kwamba amekuwa mzigo. Mmoja wenu awe mguu wake: akapeleke vyeti kazini, afuatilie dai, ajue ofisi ya leba iko wapi. Mgonjwa aliye na mtu wa kumfuatia mambo hupata haki yake mapema zaidi.

Nami nina neno kwa viongozi wetu, wa vyama vya wafanyakazi na waliochaguliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaiagiza serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Mfanyakazi aliyechangia kwa miaka kumi kisha akalala na kifua kikuu miezi sita ni mtu wa aina hiyo. Fedha za uzee wake zimewekwa, hospitali yake inalipwa, lakini chakula chake cha wiki ya tatu hakimo katika sheria yoyote. Pengo hilo linajulikana, na linazibika. Chukueni sehemu ndogo ya michango iliyopo, muweke malipo ya ugonjwa ya miezi michache kwa mwenye cheti. Mkija kutuomba kura Sirisia, tutawauliza kuhusu hilo.

Lakini msingoje sheria ibadilike ndipo mjipange. Kabla mwezi huu haujaisha, kila mmoja wenu afanye haya: apate nakala ya mkataba wake na kusoma kifungu cha ugonjwa, atazame taarifa yake ya NSSF, ahakikishe SHA yake iko hai na watu wa nyumbani wamesajiliwa, aweke hati za mshahara na vyeti katika faili moja, na amwambie mke, mume au mama faili hilo liko wapi. Kisha aweke akiba ya mshahara wa mwezi mmoja, hata kama itamchukua mwaka mzima kuifikisha, wala asiiguse kwa sherehe wala kwa simu mpya. Akiba haiozi.

Siku 14 ni chache. Jueni kinachofuata baada yake mkiwa bado na nguvu ya kutembea, muwafundishe na wenzenu mnaokaa nao meza moja kazini.